Protini za mkojo na umri wa wanyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia kila mada hii ikiguswa, yanatoka kwa wanafunzi wa baiolojia, watu wa mifugo, wenye paka nyumbani na hata wale wanaofuatilia habari za sokwe tu, kwahiyo nimeyakusanya sehemu moja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndo penye uhondo wenyewe, mengine mistari michache inatosha.

Si tunaambiwa protini kwenye mkojo ni ugonjwa wa figo?

Inategemea ni protini gani, kiasi gani, na mnyama gani. Binadamu mzima mwenye afya anatoa protini kwenye mkojo kila siku, ila ni kidogo, chini ya miligramu 150 kwa siku, ndo maana ile stripu ya hospitali kwa kawaida haibadiliki rangi. Daktari anaanza kushtuka kiasi kikipanda, hasa ikiwa ni albumini, ile protini kubwa ya kwenye damu. Sasa njoo kwa panya dume wa maabara, mzima wa afya, hana shida yoyote, anatoa kama miligramu 20 kwa siku za protini ya aina moja tu, na huyo ni mnyama hata nusu kilo hafiki. Ukipiga hesabu hiyo kwa mtu wa kilo 70 unapata zaidi ya gramu 3, kiwango ambacho kwa binadamu ni ugonjwa mkubwa wa figo. Kwa panya ni kawaida. Paka dume naye ana yake, tutafika huko.

Hizo protini zinatoka wapi?

Sehemu mbili. Ya kwanza ni damu: ikifika kwenye figo inachujwa, protini kubwa kama albumini (kilodaltoni kama 66, hicho ni kipimo cha uzito wa molekuli) karibu zote zinabaki kwenye damu, zile ndogo zinapita, halafu mirija ya figo inazinyonya tena nyingi kabla mkojo haujafika kibofuni. Zinazoponyoka ndo tunazikuta. Ya pili ni figo zenyewe pamoja na njia ya mkojo, na kwa madume ongeza tezi za uzazi. Kwa mkojo wa kawaida wa binadamu hesabu inayotajwa sana ni kwamba kama asilimia 70 ya protini inatoka kwenye figo na njia ya mkojo, na asilimia 30 kwenye damu.

Inayoongoza kwa wingi kwa binadamu mwenye afya inaitwa uromodulini, inatengenezwa na seli za mirija ya figo. Waliiona kwanza Igor Tamm na Frank Horsfall wa Taasisi ya Rockefeller, New York, wakaiandika mwaka 1950, na wala hawakuwa wanatafuta habari za figo, walikuwa watu wa virusi, wakakuta mkojo una kitu kinachozuia virusi vya mafua visigandishe chembe nyekundu za damu. Kwa wazee uromodulini huwa inashuka kwa sababu sehemu za figo zinazoitengeneza zinapungua. Na usidhani protini za mkojo ni tano sita, mwaka 2006 kundi la Matthias Mann lilichapisha orodha ya protini 1,543 kutoka kwenye mkojo wa watu wenye afya.

Hili swali la zinatoka wapi mimi naliona ndo la msingi kuliko yote, manake protini ikipanda au ikishuka mnyama anavyokua au anavyozeeka, kitu cha kwanza kujiuliza ni nani kabadilika, ni ini, ni ubongo unaoamrisha homoni, ni korodani, au ni figo tu zimechoka. Ukiruka hapo, grafu yako itakuwa nzuri na maana yake huijui.

Kwanini mkojo, kwanini wasipime damu tu?

Sababu ziko tatu, na ya kwanza ndo inayonigusa zaidi: humuumizi mnyama. Ukitaka kujua mnyama anazeekaje inabidi umfuate yule yule mmoja tangu mdogo mpaka mzee, umlinganishe na yeye mwenyewe wa zamani, sio kuchukua vijana kumi na wazee kumi ukawalinganisha wakati hao wazee ni wale tu waliobahatika kufika huko. Panya mdogo ana damu kidogo sana, huwezi kumtoboa kila wiki. Mkojo anautoa mwenyewe kila siku.

Ya pili ni hoja ya Profesa Youhe Gao wa Beijing Normal University ambaye ameipigania kwa miaka mingi na kundi lake limefanya kazi nyingi sana kwa panya. Yeye anasema mwili unailinda damu isibadilike, kitu kikizidi kidogo tu kinaondolewa haraka, na kinakoondolewa mara nyingi ni kwenye mkojo, kwahiyo mabadiliko madogo yanaweza kuonekana mkojoni wakati damu bado inaonekana iko sawa. Hoja yake ina nguvu lakini ina upande wa pili pia, mkojo ukikosa huo ulinzi unabadilika kwa kila kitu, maji aliyokunywa, chakula, joto, saa ya siku, kwahiyo lazima uwe makini mara mbili.

Ya tatu ni wanyama wa porini. Sokwe wa porini huwezi kumwambia anyooshe mkono.

Nani alionyesha kwamba umri wa mnyama unasomeka kwenye mkojo?

Kisa kinachofundisha kuliko vyote kwa maoni yangu ni cha panya, na kimeanza zamani kabla ya hizi mashine za kisasa. Mwaka 1966 Arun Roy na Otto Neuhaus waliripoti protini kwenye mkojo wa panya dume ambayo kwa majike haionekani. Inaitwa alfa-2u-globulini, ni ndogo, chini kidogo ya kilodaltoni 19. Inatengenezwa na ini, inaingia kwenye damu, inapita kwenye chujio la figo kirahisi kwa sababu ya udogo wake, sehemu inanyonywa tena na iliyobaki inatoka na mkojo.

Sasa angalia inavyokwenda na umri. Panya mtoto hana. Akikaribia siku 40, muda wa kupevuka, inaanza kuonekana, halafu inapanda haraka, akiwa kijana kamili inafika kwenye zile miligramu 20 kwa siku. Inakaa hapo, halafu uzeeni inaanza kushuka, na dume aliyevuka siku kama 800, ambaye kwa panya ni mzee haswa, inakuwa karibu imepotea kabisa. Yaani maisha yote ya dume unayaona kwenye chombo cha mkojo, utoto, ujana, uzee.

Watu wengi hapa wanarukia kusema basi ni homoni ya kiume imeisha. Sio rahisi hivyo. Ni kweli inategemea homoni za kiume, ukimhasi panya inashuka, na ukimpa jike homoni hizo ini lake linaanza kuitengeneza. Lakini Roy na wenzake waliendelea kuchimba miaka ya 1970 na 1980 wakakuta kwamba ini la panya mtoto na ini la panya mzee vyote viwili haviitikii, hata ukimdunga homoni ya kutosha ini halisikii. Kwahiyo kilichobadilika na umri sio ujumbe peke yake, ni anayepokea ujumbe. Hiyo ni habari ya ndani ya ini, imepatikana kwa kuanzia mkojoni. Na panya waliopunguziwa chakula, wale ambao inajulikana wanaishi zaidi, walichelewa kupoteza hiyo protini.

Kwa vitendo mkojo wenyewe ulikuwa unakusanywa, na mpaka leo unakusanywa, kwa kizimba maalum ambacho sakafu yake ni waya, chini kuna faneli, mkojo unateleza ukutani unaingia kwenye chupa upande mmoja na kinyesi kinadondoka upande mwingine. Unamwacha humo, kwa kawaida saa 24, ana maji na chakula. Chupa inawekwa kwenye barafu manake mkojo ukikaa kwenye joto bakteria wanaanza kuzila protini zako kabla wewe hujazipima.

Kwahiyo na mimi nikizeeka hiyo protini inashuka?

Hapana, binadamu hatuna hiyo protini kabisa. Na hili limewahi kuwa jambo kubwa la kiafya sio la darasani tu. Kuna kemikali, mojawapo ni limonene ambayo ipo kwenye mafuta ya maganda ya machungwa, zilikuwa zinawapa panya dume uvimbe wa figo, watu wakaogopa sana. Ikaja kugundulika kwamba zinashikana na alfa-2u-globulini, mchanganyiko huo unajazana kwenye mirija ya figo na kuiumiza, na kwa vile wanadamu hatuna hiyo protini, shirika la mazingira la Marekani EPA mwaka 1991 lilitoa msimamo kwamba uvimbe unaotokea kwa njia hiyo kwa panya dume usitumike kukadiria hatari kwa watu. Kwahiyo protini inayokusaidia kusoma uzee wa mnyama mmoja inaweza kukupoteza kabisa ukiibeba kwenda kwa mnyama mwingine.

Na hawa panya wadogo wa nyumbani?

Wao wana ndugu wa hiyo protini, zinaitwa MUP (kifupi cha Kiingereza, maana yake protini kuu za mkojo), ni familia nzima, jeni zake zinazidi 20 na zimejipanga pamoja kwenye kromosomu ya 4. Kazi yake ni harufu, zinabeba molekuli ndogo za harufu na kuziachia taratibu ili alama ya dume idumu pale alipokojoa. Mojawapo, darsini, iliyopewa jina mwaka 2010 na kundi la Jane Hurst wa Liverpool, ndo inayomvutia jike. Madume wakizeeka wanatoa MUP kidogo na majike wanaijua tofauti hiyo. Kwahiyo sisi sio wa kwanza kusoma umri kwenye mkojo, panya jike anafanya hivyo kila usiku bila mashine.

Paka je? Mbona mkojo wa dume unanuka vile?

Wenye paka shume mtaani mnaelewa. Mwaka 2003 Masao Miyazaki na wenzake Japani walieleza protini kubwa iliyopo kwa wingi kwenye mkojo wa paka mwenye afya, wakaiita kauksini. Ni kimeng'enya kinachotengenezwa na figo, na mwaka 2006 wakaonyesha kazi yake, inakata molekuli fulani na kuzalisha felinini, na felinini ndo inakuja kuvunjika na kutoa ile harufu ya salfa.

Kwenye suala letu la ukuaji, kitoto cha paka hakina kauksini mwanzoni, inaanza kujitokeza kwenye umri wa miezi kama mitatu na kupanda paka anavyokomaa, na dume asiyehasiwa anakuwa nayo nyingi kuliko jike au dume aliyehasiwa. Wanyama wakubwa wa jamii ya paka nao wanayo, simba wakiwemo. Tofauti na ile ya panya, hii haitoki kwenye ini inatoka kwenye figo, kwahiyo figo za paka zikiharibika kauksini inashuka wakati albumini inapanda. Zote zinasomeka kama "protini" kwenye stripu ya dukani lakini zinasema habari mbili zinazopingana, ndo maana kwa paka stripu peke yake haitoshi, daktari wa mifugo anatakiwa apime uwiano wa protini kwa kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo) na aangalie na dalili nyingine.

Kwa ng'ombe na mbuzi kuna lolote?

Lipo zuri sana na wafugaji wengi hawalijui. Ndama akizaliwa, utumbo wake kwa saa za mwanzo unaruhusu protini kubwa za dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, zipite nzima nzima kuingia kwenye damu, ndo namna anavyopata kinga ya mama yake manake ndani ya tumbo la mama hakupata. Sasa pamoja na hizo kinga zinapita pia protini ndogo za maziwa, na figo zinazitoa. Kwahiyo ndama aliyekunywa dang'a vizuri, ukipima mkojo wake siku ya kwanza unakuta protini nyingi, na baada ya siku mbili tatu zinapotea kwa sababu utumbo umeshajifunga. Wanakondoo, watoto wa mbuzi na wa farasi ni hivyo hivyo.

Ukiona stripu imegeuka kijani kwa ndama wa siku moja usikimbilie kusema figo mbovu. Hapo unatazama hatua ya ukuaji inavyopita mbele ya macho yako, dirisha limefunguka na linafungwa. Na ndo maana wataalamu wanasisitiza dang'a ndani ya saa chache za kwanza, ukisubiri kesho yake mlango umefungwa.

Tuambie habari za sokwe wa Uganda, ni kweli nao wanakoma hedhi?

Ni kweli kwa wale wa Ngogo, ndani ya hifadhi ya Kibale, magharibi mwa Uganda. Utafiti ulichapishwa Oktoba 2023 kwenye jarida la Science, ukiongozwa na Brian Wood, pamoja na Jacob Negrey, Kevin Langergraber, Melissa Emery Thompson na wengine, juu ya kazi ndefu ya kuwafuatilia sokwe hao iliyoanzishwa na John Mitani na David Watts mwaka 1995.

Walikuwa na vitu viwili. Kwanza kumbukumbu za kuzaliwa na kufa za majike 185 kwa miaka 21, zikaonyesha kwamba jike anayefika utu uzima pale anaishi kama sehemu moja ya tano ya maisha yake ya utu uzima akiwa ameshaacha kuzaa. Lakini kuacha kuzaa peke yake hakuthibitishi kitu, labda mgonjwa, labda mimba zinatoka, labda hapati dume. Hapo ndo mkojo ukaingia. Walipima sampuli 560 kutoka kwa majike 66 wenye umri wa miaka 14 mpaka 67, wakatafuta FSH na LH, ambazo ni homoni za protini zinazotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, pamoja na homoni za ovari.

Mwendo ukawa ule ule wa mwanamke. Ovari zikiishiwa mayai haziirudishii ile tezi jibu, tezi inazidi kuamrisha, FSH na LH zinapanda juu na kukaa huko, wakati homoni za ovari zinashuka, na kwa sokwe hawa mabadiliko yanatokea karibu na miaka 50. Huwezi kuona hilo kwa darubini ukiwa chini ya mti. Mwanamke akikoma hedhi FSH na LH zinajaa mkojoni mwake vile vile, na zamani dawa ya kwanza ya uzazi ya aina hiyo, Pergonal, ilitengenezwa kwa kuchuja mkojo wa wanawake wa Italia waliokoma hedhi, wakiwemo masista wa kwenye nyumba za watawa.

Na kuna fumbo hapo. Kwa binadamu watu hupenda kueleza kwamba bibi anaacha kuzaa ili asaidie wajukuu. Kwa sokwe mabinti wakikua huwa wanahama kwenda kundi lingine, kwahiyo bibi mara nyingi hayupo na watoto wa binti zake. Watafiti wenyewe waligusia pia kwamba Ngogo kuna chakula kingi na chui hakuna, kwahiyo majike wanafika umri ambao kwingine hawafiki. Utafiti wa mwaka 2007 uliojumlisha makundi sita ya porini, yakiwemo ya Gombe na Mahale kwetu Tanzania, haukuona kipindi kirefu cha namna hiyo baada ya kuacha kuzaa.

Wanaupataje mkojo wa sokwe porini jamani?

Kwa subira na kwa kuamka mapema. Sokwe analala kwenye kiota juu ya mti, anajenga kipya karibu kila jioni, na asubuhi akiamka kitu cha kwanza anachofanya ni kukojoa akiwa pale pale juu. Kwahiyo wasaidizi wa utafiti wanatakiwa wawe chini ya kiota kabla hapajakucha vizuri, wameshika fimbo ndefu yenye panda mwishoni, kwenye panda kumefungwa mfuko wa plastiki, wanaukinga. Ukikosa kuukinga unatafuta matone kwenye majani na kuyavuta kwa pipeti, ukihakikisha hujachanganya na ya sokwe mwingine wala na kinyesi. Wanaandika ni nani, saa ngapi, tarehe gani, halafu sampuli inatunzwa kwenye baridi mpaka ifike kwenye friza. Kinachohitaji ujuzi kuliko vyote hapo ni kumjua sokwe kwa sura na jina kwenye mwanga hafifu, na hiyo kazi inafanywa zaidi na wenyeji wa pale ambao wamekaa na hao wanyama miaka na miaka. Bila wao hizo sampuli 560 zisingekuwa na umri wala jina.

Ukuaji wa vijana je, au ni uzee tu?

Angalia bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe. Porini wanapatikana Congo ya Kinshasa peke yake, ila kazi hii ilifanywa kwa bonobo 258 wa kwenye mabustani ya wanyama, ikatoka mwaka 2023, wakiongoza Andreas Berghaenel na Verena Behringer. Ilikuwa inaaminika kwamba ule mruko wa urefu wa kijana, yaani mtoto wa miaka kumi na mbili tatu anapaa ghafla suruali zote zinakuwa fupi, ni wa binadamu tu. Wao wakapima urefu, uzito, na kwenye mkojo wakapima testosteroni na IGFBP-3, protini inayopanda homoni ya ukuaji ikiwa kazini. Vyote vikaelekea upande mmoja, bonobo nao wanaruka kipindi cha ujana, ila njia ya zamani ya kupiga hesabu ya urefu na uzito ilikuwa inaficha. Nimeipenda kwa sababu mkojo ulitumika kama shahidi wa pili, kipimo cha futi kingebishiwa lakini homoni ndani ya mwili inaleta ushahidi wake yenyewe.

Kipimo cha mimba cha duka la dawa kinafanya kazi kwa wanyama?

Kwa sokwe, gorila na orangutani ndio, kimetumika, manake homoni yao ya mimba inafanana sana na hCG ya binadamu. Kwa ng'ombe, mbuzi, mbwa na paka hapana, hawatengenezi hCG, usipoteze hela yako.

Maabara wanapimaje?

Ikiwa unajua unachotafuta, mfano FSH, unatumia ELISA: kingamwili imegundishwa kwenye visima vidogo vya plastiki, inaikamata protini yako, rangi inatokea, mashine inasoma ukali wa rangi. Ni bei nafuu na sampuli nyingi zinaenda mara moja. Jambo la kuangalia ni kwamba seti nyingi za kupimia zimetengenezwa kwa binadamu, lazima kwanza uthibitishe kwamba zinaishika protini ya mnyama wako, kwa sokwe mara nyingi zinakubali, ukienda mbali zaidi zinagoma.

Ikiwa hujui unachotafuta unatumia masi spektromita. Mkojo unazungushwa kwa kasi seli na uchafu ukae chini, protini zinakusanywa, zinakatwa vipande kwa kimeng'enya tripsini, vipande vinapitishwa kwenye mashine inayopima uzito wake, kompyuta inalinganisha na orodha ya jeni za mnyama huyo. Unapata mamia ya protini kwa mpigo. Tatizo la uromodulini likumbuke hapa, ukigandisha mkojo na kuuyeyusha inajikusanya mafungu na kuzama, na inazama na wenzake.

Kwanini kila mtu anagawanya kwa kreatinini?

Kwa sababu mkojo unaweza kuwa mzito au mwepesi kutegemea maji aliyokunywa, kwahiyo unahitaji kitu cha kulinganishia, na kreatinini ndo imezoeleka. Lakini kwenye utafiti wa uzee hii ni mtego mkubwa na nawaomba wanafunzi waiangalie kwa macho mawili. Kreatinini inatoka kwenye misuli. Mnyama mzee misuli imepungua, kreatinini yake iko chini, ukigawanya protini yoyote kwa namba ndogo jibu linakuwa kubwa, unatoka unatangaza kwamba protini imepanda na uzee kumbe ni misuli iliyoshuka. Na mtoto ambaye misuli bado, hali ni hiyo hiyo. Ndo maana watu wa sokwe wanatumia rifraktomita, kifaa kidogo unadondosha tone moja la mkojo unaangalia kwenye mwanga, kinakupa uzito wa mkojo ukilinganisha na maji. Halafu wakaigeuza shida kuwa faida: kreatinini ukiilinganisha na huo uzito inakukadiria misuli ya sokwe, bila kumpandisha mzani, na kwa njia hiyo wameona sokwe wazee wa Kibale wanavyopoteza misuli.

Utajuaje ni uzee na sio ugonjwa wa figo?

Swali gumu kuliko yote hapa. Panya wa maabara, hasa madume, wanapata ugonjwa wa figo unaoendelea taratibu na umri, na wakiwa wazee albumini inajaa kwenye mkojo. Kwahiyo kwa panya mzee jumla ya protini inaweza kuwa juu wakati alfa-2u-globulini imeisha kabisa, ukipima jumla tu hutaelewa chochote. Chakula kikipunguzwa huo ugonjwa unachelewa pia. Mimi nasema pima protini moja moja, jua inatoka wapi, angalia albumini pembeni kila mara, na ikiwezekana mfuate mnyama yule yule, manake figo ikianza kuvuja utaiona siku inabadilika.

Kuna kipimo cha mkojo cha kuniambia ng'ombe au mbwa wangu ana miaka mingapi?

Hakuna. Mkojo unaonyesha hatua, amepevuka, anakua kwa kasi, ovari zimefunga, misuli inaisha, ila miaka kamili angalia meno na kumbukumbu zako za kuzaliwa.

Nataka kumpima ng'ombe wangu au paka wangu, nikusanyeje mkojo?

Ng'ombe jike ni rahisi, simama pembeni yake sio nyuma moja kwa moja, papasa taratibu ngozi iliyo chini ya uke kwa mkono juu chini bila kukatisha, mara nyingi anakojoa ndani ya dakika chache. Acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye chombo kisafi kikavu, sio chupa ya soda uliyoisuuza tu wala yenye mabaki ya sabuni, sabuni inaharibu majibu. Paka muwekee trei yenye mchanga usionyonya au punje za plastiki safi, halafu vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Andika umri, jinsia, kama kahasiwa au hapana, na saa uliyokusanya, hizo nne ni muhimu kuliko unavyofikiri, umeona mwenyewe hapo juu paka dume na jike sio kitu kimoja. Weka kwenye friji mara moja na umfikishie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usigandishe bila kumuuliza kwanza, na kama kuna damu au anajikamua bila kutoa kitu, hasa paka dume, achana na habari ya sampuli mpeleke sasa hivi.